Mtu wa Wastani

Bwana Oyarzo alisema: shona koti la mtu wa wastani.
Akanionyesha sanamu wa mbao pale pembeni,
kifua tisini na sita, kiuno themanini na mbili,
hana kwapa la kutoa jasho, hajawahi kuketi,
na miaka kumi na tisa niliyokata nguo hapa Punta Arenas
hajaniambia hata mara moja, "Zlatka, hapa panabana."

Nikatoka kumtafuta huyo wa wastani.
Ilikuwa Desemba, upepo ule wa kufungiwa kamba mitaani
ili watu wapate pa kushika.
Nilisimama kona ya benki, utepe shingoni,
nikahesabu mabega mia mbili na kumi.
Hakupita.
Alipita Eliseo Huenchur, mlinzi wa usiku kwenye matangi ya gesi,
koti wazi, zipu imemshinda:
vidole vitatu aliviacha kwenye msumeno
mwaka ule alioozesha binti.

Nikamwita karakana. Nikawaita na wengine.
Sikuwapa chai tu, niliwapa ujira,
maana kuujua mwili wako ni kazi
na wao walikuwa wameifanya miaka yote bila malipo.

Eliseo akataka kitu kinachojifunga chenyewe.
Nikamwekea sumaku sita, kidevuni hadi nyongani.
Tak, tak, tak. Akacheka, akafungua, akafunga tena.
Wisline Dorcé, aliyetoka Haiti na vidole vyake vyote kumi,
akalijaribu na glavu zake nene, akakataa kulivua,
ila kofia ilimgomea: niliikata
kwa kichwa cha mwenye nywele za kulala,
na misuko yake hailali.
Kofia nitaipanua, nikasema.
Nikajiona fundi.

Kisha mzee Baldomero, asiyeona,
akapapasa ukosi, akapapasa pindo,
akagusa sumaku ya kwanza, akarudisha mkono:
"Binti, moyo wangu unaendeshwa na kibetri.
Daktari amenikataza sumaku kifuani.
Koti lako litaniua,
ingawa nitakufa nina joto."

Nikakaa chini, mkasi mapajani.
Dawa ya huyu, sumu ya yule.
Ni Wisline aliyeuliza, bado amelivaa:
"Kwani nani kasema lifungwe kwa njia moja?"

Usiku ule nilikata kifua upya,
kipande cha kutoa na kurudisha:
chenye sumaku kwa anayetaka,
chenye vitanzi na vifungo vya mbao, vinono kama zeituni,
kwa Baldomero. Na fundo dogo ndani ya ukosi
ajue kwa kidole lipi jeusi, lipi buluu.

Rosalba Barría alisubiri kwenye kiti chake cha magurudumu
hadi wote wakamaliza.
"Mimi nimeketi," akasema. "Kila koti mnaloshona limesimama."
Nikafupisha mbele, nikaondoa mgongo unaojikunja chini yake,
nikahamishia mfuko pajani, funguo zisimwagike.
Akalitazama muda mrefu.
"Kijivu cha nini? Iliyolala ni miguu, si macho.
Nipe jekundu. Jekundu la kugombana."

Bwana Oyarzo anauliza haya ni makoti mangapi.
Bado tunahesabu.
Na yupo Ailín, miaka tisa, ambaye kwake
mchakacho wa nailoni ni kisu juu ya sahani.
Nimeng'oa lebo zote, nimetia bitana ya pamba.
Huja kila Jumanne, hulipapasa mkono mmoja,
huondoka na sweta lake.
Sijui bado ni nini. Yeye anajua.

Sanamu tumempeleka mlangoni,
tunamtundikia miavuli iliyovunjwa na upepo.
Jana, nikifunga karakana, Eliseo alikuwa anaelekea zamu,
koti limefungwa hadi kidevuni.
Akaniangalia ndani ya koti la marehemu kaka yangu,
mikono imenipita vidole.
"Na wewe," akauliza, "umepimwa na nani?"
Nikashika kamba,
nikavuka barabara bila jibu.